Minneapolis, Machi 2025: kuwafuata mabinti wa Wisconsin hadi fainali

Alhamisi, 20 Machi. Madison kwenda Minneapolis

Tumetoka Madison saa nne asubuhi, gari ni la mmoja wa wanafunzi wangu wa Kiswahili, wako watatu, wote wamezaliwa hukuhuku Wisconsin na wote wananiita Mwalimu hata tukiwa sheli tunajaza mafuta. Mimi nimefunga, ni Ramadhani na usiku wa leo ndo kumi la mwisho linaingia. Ruhusa ya msafiri ninayo ila kukaa kwenye kiti cha gari lenye hita masaa manne sikuona kama kuna sababu ya kufungua.

Tunaenda kuangalia Frozen Four, yani nusu fainali na fainali ya hoki ya barafu ya wanawake wa vyuo vikuu Marekani. Timu nne zimebaki, Wisconsin, Minnesota, Ohio State na Cornell, na Wisconsin ndo chuo ninachosoma, nafundisha na wanafunzi wa mwaka wa kwanza Kiswahili, basi sina upande mwingine wa kukaa.

Nyumbani Tanga ukisema hoki mtu anafikiria ile ya kwenye majani ya magongo yaliyopinda. Hii ni nyingine kabisa jamani. Uwanja ni barafu tupu, urefu kama mita 61 upana 26, umezungushiwa ubao na vioo, kila upande wanaingia wachezaji sita pamoja na kipa, wanakimbia kwa viatu vyenye chuma chini kama kisu na wanachopiga siyo mpira, ni kidude cheusi cha duara kama kifuniko cha kopo, cha mpira mgumu, gramu kama 170, wanakiita paki, na kabla ya mechi paki zinawekwa kwenye friza zigande ili zisidundedunde. Vipindi ni vitatu vya dakika 20. Sasa kitu ambacho mtu wa netiboli kama mimi kilinichanganya mwanzo ni hizi sabu, mchezaji anaingia anakimbia kwa nguvu zote sekunde 40 au 45 tu halafu anaruka ubao anarudi benchi mwenzake anaingia, mechi ikiwa inaendelea, hakuna refa kupuliza wala nini. Ukiwa umezoea mtu kucheza robo nzima ndo atolewe unaona hawa wanafanya fujo, kumbe ni mahesabu, mbio zile hakuna kifua kinachoweza dakika mbili.

Njiani tulikuwa tunaupitia msimu mzima. Msimu ulianza Septemba, na mpaka tunaondoka leo Wisconsin wamefungwa mechi moja tu. Moja. Wamechukua kombe la ligi yao ya WCHA mapema mwezi huu, kisha Jumamosi iliyopita wakawatoa Clarkson kwenye robo fainali palepale nyumbani, LaBahn Arena, kauwanja ka watu 2,273 kalikofunguliwa 2012 na ambako ukichelewa tiketi unabaki nje na baridi lako. Januari walicheza hadi nje, Chicago, barafu imetengenezwa katikati ya Wrigley Field ule uwanja wa zamani wa besiboli, na waliocheza nao pale ni Ohio State. Hao Ohio State wakumbukeni, watarudi.

Kocha wao ni Mark Johnson. Wamarekani wa umri fulani ukiwatajia hilo jina wanasimama, maana ndo aliyefunga magoli mawili mwaka 1980 kule Lake Placid kwenye Olimpiki, siku vijana wa vyuo wa Marekani walipowafunga Wasovieti 4-3 ambao dunia nzima ilijua hawafungiki. Moja ya yale magoli aliliweka ikiwa imebaki sekunde moja kipindi cha kwanza kiishe. Mtu kama huyo angeweza kwenda kutafuta hela kubwa kwa wanaume lakini yeye tangu 2002 yuko na mabinti wa Wisconsin, na hakuna kocha mwingine wa hoki ya wanawake vyuoni aliyeshinda mechi nyingi kama yeye. Mwanafunzi wangu mmoja aliyecheza hoki tangu ana miaka mitano anasema huyo mzee huwezi kumsikia anafoka, anakaa pale benchi kimya anaangalia. Hilo la kuangalia nitalirudia mwishoni.

Eau Claire tumesimama wale watoto wakanunua burger, wakataka kwenda kula nje kwa heshima yangu, nikawaambia kaeni nyinyi kuleni kwani nani kawakataza, nikasali Adhuhuri pembeni ya gari na koti langu na tukaondoka. Hudson unavuka mto St. Croix unaingia Minnesota na hapo mabango yote yanageuka rangi, nyekundu ya Wisconsin inaisha, inaanza maruni na dhahabu.

Mimi nimefikia mtaa wa Cedar-Riverside, Minneapolis, kwa mama mmoja wa Kisomali aliyeishi Eastleigh Nairobi miaka mingi kabla ya kuletwa huku, yuko kwenye yale maghorofa marefu yenye vibao vya rangi rangi yanayoonekana kutoka barabara kuu. Kiswahili chake ni cha Nairobi na ukarimu wake ni wa pwani, sijui kautoa wapi. Nimekuta tende, sambusa, uji na tambi za sukari. Akaniuliza, "Binti yangu, umetoka Madison kuja kuangalia wasichana wanapigana?" Kaona hoki ya wanaume kwenye TV. Nikamwambia hapana mama, wanawake kwenye hoki ya vyuo hawaruhusiwi kumgonga mtu ili kumvunjavunja, kugusana kupo kwa bega na kwa kugombea nafasi ila ukimvaa mtu makusudi unatolewa dakika mbili na timu yako inabaki pungufu, na kila mchezaji anavaa kofia ngumu yenye nondo usoni. Akasema basi huo ni mchezo wa akili. Ndiyo mama, ndo maana nimekuja.

Ijumaa, 21 Machi. Nusu fainali

Ridder Arena iko palepale chuo kikuu cha Minnesota, kutoka kwa mama unavuka tu mto Mississippi. Huu uwanja una historia yake, ulifunguliwa 2002, unachukua watu kama 3,400, na ndo wa kwanza Marekani chuo kujenga uwanja wa barafu kwa ajili ya timu ya wanawake peke yake. Kabla ya hapo kila mahali wanawake walikuwa wanapewa masaa yaliyobaki, wanaume wakishamaliza. Ukitaka kujua pesa ya hoki ya wanawake imetoka wapi hadi vyuo vikaanza kuitoa, rudi kwenye sheria ya 1972 inayokataza chuo kinachopokea hela ya serikali kuwabagua wanawake, michezo ikiwemo. Hata hivyo Wisconsin wenyewe hawakuwa na timu ya wanawake hadi msimu wa 1999-2000, na ubingwa wa taifa wa NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, kwa hoki ya wanawake umeanza 2001. Yani wachezaji wengi wa leo wamezaliwa kombe lenyewe ni changa.

Nilimpigia mdogo wangu Tanga video nimuonyeshe watu wanavyoingia. Kaniuliza, "Dada, huko ndani kuna baridi?" Kuna baridi ndiyo, ya friji, ila inakupiga kwa miguuni zaidi, juu unajisahau kwa kelele.

Wisconsin walipangwa na Minnesota. Wenyeji, kwenye barafu yao, mbele ya watu wao, na hawa ni mahasimu wa mpakani toka enzi, Minnesota wana makombe sita ya taifa na Wisconsin saba, kwa hiyo ukumbi ulikuwa maruni na sisi wekundu tumejibana kwenye kona zetu. Nilikaa karibu na kioo. Ukiwa karibu unaona kioo kimejaa alama nyeusi za paki, michirizi michirizi, na unasikia kitu ambacho kwenye TV hakipo, zile chuma zinavyokata barafu mtu anapofunga breki, krrrsh, na vumbi jeupe la barafu linaruka hadi juu ya ubao. Wachezaji wanaitana muda wote kwa sauti kubwa, wanahesabiana nafasi, na yule mwanafunzi wangu ananiambia sikiliza Mwalimu, timu ikinyamaza ujue imechoka.

Maghribi iliingia tukiwa ukumbini, saa moja na nusu kasoro hivi. Mama alinifungia tende kwenye tishu pamoja na sambusa nne. Nikatoa tende, nikasoma dua, nikafungua, na yule babu wa Minnesota aliyekaa kushoto kwangu ana jezi ya maruni hadi kofia akaniuliza kama ndo nafungua saa hizi, kumbe ana majirani wengi Wasomali anajua vizuri kuliko nilivyodhani, akaenda akaniletea maji na akakataa hela. Nikampa sambusa. Tumekaa hivyo sisi wawili tukiwa maadui hadi mechi inaisha.

Na iliisha 6-2 kwa Wisconsin. Sitaisimulia yote, ila niseme kuhusu Laila Edwards maana huyo macho yangu yalikuwa yanamfuata kila anaporuka ubao. Binti mrefu, kama mita 1.85, ametokea Cleveland Heights jimbo la Ohio, mweusi, na Novemba 2023 ndo akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani ya hoki ya barafu. Mwaka mmoja haujaisha, kwenye kombe la dunia la 2024 kule Utica, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Msimu huu ana magoli 35, hakuna aliyefunga mengi zaidi yake vyuoni. Mtu mrefu vile ungetegemea awe mzito lakini anapogeuka na paki unaona kabisa beki amejua atakachofanya na bado hana la kumfanya. Pembeni kulikuwa na vitoto vya kike viwili vyeusi na jezi zenye jina lake, namba 10, wamebandika mikono kwenye kioo wakati wa kupasha. Nimewaangalia nikafurahi sana kwa kweli.

Ohio State wamewatoa Cornell 4-2. Kwa hiyo Jumapili ni Wisconsin na Ohio State, mwaka wa tatu mfululizo timu zile zile mbili kwenye fainali. 2023 Wisconsin walishinda 1-0. 2024 Ohio State wakashinda 1-0. Mnaona deni lilivyokaa hapo.

Jumamosi, 22 Machi

Leo hakuna mechi. Asubuhi nimelala baada ya daku hadi saa tatu, kisha nikaenda na mama kununua nyama na mchele kwenye duka la Wasomali, mchana nimepitia kazi za wanafunzi, wale watatu nao wako huko mjini wanazurura na ndugu zao.

Habari ya leo ni tuzo ya Patty Kazmaier, ndo anapewa mchezaji bora wa mwaka wa hoki ya wanawake vyuoni tangu 1998. Patty Kazmaier mwenyewe alichezea Princeton, akafariki 1990 kwa ugonjwa wa damu usiotokea kwa wengi, ana miaka 28. Mwaka huu waliobaki kwenye tatu bora wote ni wa Wisconsin, Laila Edwards, beki Caroline Harvey na nahodha Casey O'Brien. Haijawahi kutokea wote watatu kutoka timu moja. Na imechukuliwa na O'Brien.

Nina mengi ya kusema juu ya O'Brien. Alikutwa na saratani ya mfupa kwenye mguu ana miaka 13. Wakamfanyia upasuaji, wakamwekea vyuma, wakamwambia hoki isahau. Ugonjwa ukarudi kwenye mapafu. Ukarudi tena. Na huyu ndo anayemaliza msimu na pointi 88, magoli na pasi za magoli ukijumlisha, na ndo aliyeivunja rekodi ya Wisconsin ya muda wote iliyokuwa ya Hilary Knight, pointi 262, na Knight, nyota wa timu ya taifa ya Marekani, kwenye hoki ya wanawake ni jina kubwa sana. Watu wakimsimulia O'Brien wanaishia hospitali, ugonjwa, machozi, na mimi naelewa, ila ukikaa ukamwangalia anacheza unaona jambo jingine. Pasi zake. Kati ya zile pointi 88, 62 ni pasi. Huyu anamuona mwenzake kabla mwenzake hajafika, anaweka paki mahali patupu na sekunde moja mbele hapako patupu tena. Nilicheza senta kwenye netiboli hadi UMISSETA, michezo ya sekondari Tanzania, nilikuwa nadhani najua kutoa pasi. Heshima yangu yote kwake ni kwa hilo, kwa kazi yake, na ule ugonjwa auache nyuma kama alivyouacha.

Baada ya futari mama alinikalisha na binti yake wa darasa la nane anayetaka kujifunza kuteleza kwenye barafu na mama hataki. Nikamwambia mama mbona Nairobi pale Panari, Mombasa Road, kuna barafu ndani ya hoteli na kuna timu ya hoki kabisa, Kenya Ice Lions, na wasichana wanacheza, na 2024 Kenya wameingia kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Mama kaishi Eastleigh miaka yote ile na Panari anaijua kwa nje tu! Akaniangalia kwa muda, akamgeukia binti yake akamwambia tutaona. Binti ananikonyeza. Tukaenda tarawehe.

Jumapili, 23 Machi. Fainali

Mechi ni saa tisa alasiri. Ukumbi leo ni mwekundu mwingi ila wekundu wa aina mbili, Wisconsin nyekundu na nyeupe, Ohio State nyekundu na kijivu, ukiwa mbali unaweza kudhani wote ni wamoja. Yule babu wa maruni alikuja na kofia yake vilevile, akasema tiketi alishalipia na leo anawashangilia Wisconsin kwa siku moja tu na nisimwambie mtu.

Ohio State siyo timu ya kudharau hata kidogo. Wanabana, hawakupi nafasi ya kupumua na paki, ukiipokea tu yuko mtu kifuani. Golini wana Amanda Thiele. Mechi ilikuwa ya mtu na mtu toka mwanzo, siwezi kusema kuna wakati Wisconsin walitawala tukapumzika, na kipindi cha tatu kinaelekea mwisho ubao unasoma 3-2, Ohio State mbele. Mimi nimefunga, nina kiu, mikono imekufa ganzi, na yule mwanafunzi wangu mchezaji ameacha kuongea kabisa. Alikuwa anang'ata kamba ya koti.

Dakika ya mwisho Johnson akamtoa kipa wake, Ava McNaughton, ili aingie mchezaji wa sita wa kushambulia. Hiyo kwenye hoki inaruhusiwa, goli lako linabaki tupu, paki ikikuponyoka ikateleza huko nyuma ndo basi, umekwisha. Wisconsin wote sita wakaingia kule mbele. Rundo la watu mbele ya Thiele, magongo, magoti, paki haionekani, watu wanapiga kelele, refa akapuliza.

Sisi tuliona kipa kaidaka, basi. Watu karibu yangu walishika vichwa. Lakini benchi la Wisconsin waliomba marudio ya video. Wanasema mchezaji wa Ohio State, siyo kipa, ameifunika paki kwa mkono ndani ya eneo la kipa. Na hiyo sheria inasema kipa peke yake ndo anayeruhusiwa kuifunika pale, mwingine akifanya hivyo adhabu yake ni penalti. Na kuomba marudio siyo bure, ukishindwa taimauti yako imekwenda, na huna nyingine.

Marefa wakaenda kwenye skrini. Sijui walikaa muda gani, kwangu ilikuwa kama tunangoja mwezi wa Shawwal. Wachezaji wanazungukazunguka taratibu kwenye barafu, hawaongei. Babu wa maruni kanishika bega. Kisha refa akarudi katikati, akazungumza kwenye maiki, na upande wetu wote ukaruka kabla hajamaliza sentensi.

Penalti. Zimebaki sekunde 18.9.

Sasa kwa hoki penalti siyo kama ya mpira wa miguu. Paki inawekwa katikati ya uwanja, wachezaji wengine wote wanaondoka, anabaki mpigaji na kipa kwenye barafu nzima, na mpigaji anaondoka nayo anakimbia hadi golini, nafasi ni moja, hakuna kurudia kama kipa akiitema. Johnson akamchagua Kirsten Simms. Huyu ni wa Plymouth, Michigan, yuko mwaka wa tatu, na lile goli moja la fainali ya 2023 dhidi ya Ohio State hawahawa, ile 1-0, alilifunga yeye akiwa mwaka wa kwanza. Mzee alijua anampa nani.

Simms akaondoka. Hakukimbia sana, ndo kitu kilichonishangaza, alikuja kwa mwendo wa mtu anayejua anakwenda wapi. Thiele akatoka kidogo mbele. Mikono ya Simms ikacheza na paki kulia kushoto, kipa akafunguka, na taa nyekundu nyuma ya goli ikawaka.

3-3. Sikumbuki nilichofanya. Wanafunzi wangu wanasema nilipiga vigelegele na watu wawili watatu wa Wisconsin wakajaribu kuiga.

Zile sekunde 18 zikaisha, tukaingia dakika za nyongeza, na hapo ni goli la kwanza tu, anayefunga kachukua kombe. Kabla ya hapo Zamboni ikaingia kuosha barafu. Ile gari inakwenda taratibu sana, inazunguka inaacha nyuma maji yanayong'aa yanaganda mbele ya macho yako, na watu 3,000 na zaidi tumekaa tunaiangalia gari, hakuna la kusema. Nikatoa tasbihi.

Dakika 2 na sekunde 49 za nyongeza, Simms tena. Tena yeye! 4-3. Kofia, glavu, magongo yote hewani, rundo la mabinti wekundu kwenye kona na McNaughton anakuja kutoka kule mwisho na mavazi yake mazito ya kipa anakimbia kama hana kitu mwilini. Wanafunzi wangu wanalia. Babu wa maruni anapiga makofi na anatikisa kichwa. Wa Ohio State wamepiga magoti, na jamani nawaonea huruma, ulikuwa na kombe mkononi zimebaki sekunde 18, na ulichofanya ni kile ambacho mkono wa mtu yeyote ungefanya ukiona paki iko mbele yako na goli nyuma yako.

Wisconsin ubingwa wa nane: 2006, 2007, 2009, 2011, 2019, 2021, 2023 na sasa 2025. Hakuna chuo kingine kwenye hoki ya wanawake ya NCAA kinachofikia hapo. Msimu umefungwa ushindi 38, sare 2, kufungwa 1.

Maghribi nimefungua kwa mama, nimekula wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, na binti yake ametuwekea goli la Simms kwenye simu hadi mama akamwambia sasa inatosha mtoto, ile acha ipumzike.

Jumatatu, 24 Machi. Kurudi

Tumeondoka baada ya Alfajiri maana wote tuna kazi mchana. Barabara nyeupe, hakuna magari.

Kwenye gari kumekuwa na ubishi. Mmoja anasema jana ilikuwa bahati, ule mkono ungekuwa sentimita chache pembeni tungerudi tunalia. Mimi nimekataa na ninaendelea kukataa. Mkono ulikuwepo na mtu akauona. Kwenye rundo lile la watu, na saa ikibakiza sekunde 18, na kelele zile, kuna macho benchi ya Wisconsin yaliyokuwa yanaangalia paki wakati sisi wengine tunashika vichwa, na kuna mzee aliyekubali kuitoa taimauti yake ya mwisho kwa kitu kilichoonekana nusu sekunde. Kisha kuna binti aliyetembea na paki taratibu mbele ya kipa mzuri na taifa linaangalia. Hayo yamefanywa mazoezini tangu Septemba, kila siku, LaBahn, mlango umefungwa. Ukiita bahati unawanyang'anya kazi yao.

Na kinachoniuma ni kuwa fainali nzuri kiasi hiki, kwa wanaume ingekuwa inarudiwa kwenye kila TV ya kila mgahawa wa njiani. Sheli tuliyosimama Tomah TV ilikuwa inaonyesha watu wanajadili besiboli ambayo msimu wake hata haujakolea. Nikamuuliza kijana wa kaunta kama ameiona mechi ya jana, akasema mechi gani. Kwa upole kabisa. Yuko Wisconsin, chuo cha jimbo lake kimekuwa bingwa wa taifa jana tu. Basi wanafunzi wangu wakamwonyesha kwenye simu, ile penalti, akaangalia mara mbili, akaita mwenzake wa nyuma jikoni aje aone.

O'Brien anamaliza chuo, kwa hiyo msimu ujao nahodha mwingine. Sasa hivi angalau wana pa kwenda, ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, imeanza Januari 2024 na Minnesota ndo walichukua kombe lake la kwanza, kabla ya hapo mabinti wengi walikuwa wanamaliza chuo wakiwa bora nchini halafu wanatafuta kazi ofisini na kufanya mazoezi usiku. Edwards, Harvey na Simms wana mwaka mmoja bado, na mwaka huo ndani yake iko Olimpiki ya Milano, Februari 2026, sijui watagawanaje vichwa vyao.

Tumefika Madison saa tano na nusu. Kazi za wanafunzi nimezisahihisha nusu. Yule mchezaji kashasema tiketi za LaBahn za Septemba zikitoka tu atachukua na yangu, na mtoto wa mama wa Cedar-Riverside kanitumia ujumbe kuuliza viatu vya barafu vya mtu anayeanza vinauzwa bei gani. Vya mitumba vipo, namtafutia.